Kisu Huivia Machoni pa Mhunzi

Zana zote za mhunzi wa jadi wa Mamba, jirani na Marangu kwenye mteremko wa Kilimanjaro, zinaingia katika gunia moja na nafasi inabaki. Mna mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, bomba la udongo la kupitishia upepo, nyundo mbili tatu, koleo, tindo, tupa, na kipande kizito cha chuma kinachotumika kama fuawe. Hakuna waya wa umeme wala kipimo cha joto. Kwa zana hizo hutoka visu vya kuchinjia, mundu, majembe, kengele za ng'ombe, na mikuki ambayo Wamaasai wa tambarare waliifuata mlimani kwa vizazi vingi.

Wageni wanaokuja kupanda mlima hupelekwa huko kuangalia. Hukaa kidogo, hupiga picha, hununua kimkuki cha ukumbusho na kuondoka wakiamini wameona nguvu: misuli, jasho, cheche na nyundo. Kazi yenyewe hawakuiona, maana ilikuwa ikifanyika machoni pa fundi. Yeye ndiye aliyejua chuma kimefikia joto gani, kitolewe lini, kipigwe mpaka lini na kirudishwe lini. Zana zikiwa chache kiasi hicho, maarifa yote hukaa ndani ya mtu. Mtu huyo akifa bila kurithisha, gunia lake la zana halimfai yeyote.

Nimeamua kuifuata safari ya kisu kimoja, tangu lundo la vyuma chakavu hadi jikoni, kwa sababu naamini tunaipoteza elimu ambayo hatujawahi hata kuiita elimu.

Safari huanza kwenye kuchagua chuma, na hapo ndipo wengi hukosea kabla moto haujawashwa. Kwenye lundo kuna nondo, mabomba, minyororo, vyuma vya fremu za milango na springi za magari. Kwa mpita njia vyote hivyo ni chuma. Kwa mhunzi, nondo na springi ni vitu viwili visivyo na undugu. Tofauti yao kubwa ni kaboni. Nondo ya kawaida ina kaboni isiyozidi asilimia 0.3 hivi, springi nyingi za gari zina karibu asilimia 0.6, na tupa huweza kufikia asilimia 1 au zaidi. Kiasi hicho kinaonekana kidogo mno, lakini ndicho kinachoamua kama chuma kitakubali kuwa kigumu kikipoozwa ghafla. Unaweza kuifua nondo ikapata umbo zuri kabisa la kisu, ukaing'arisha na kuitia mpini wa mpingo. Itakata nyanya leo, na keshokutwa itaziponda.

Fundi akitilia shaka kipande, hukifanyia jaribio. Hupasha ncha yake hadi iive, huichovya majini, kisha huipitishia tupa. Tupa ikila, chuma ni laini na kinarudi lundoni. Tupa ikiteleza bila kushika, kipande kimefaulu. Kuna wanaokwenda mbele zaidi, wakaibana ncha hiyo kwenye jiliwa na kuivunja kwa nyundo ili waone mvunjiko wake. Ukiwa wa kijivu, laini, wenye chembe ndogondogo zisizoonekana kirahisi, chuma ni kizuri na kimepashwa vizuri. Ukimetameta chembe kubwakubwa, ama chuma hakifai, ama moto ulizidi. Hilo ni jaribio ambalo hata mwalimu wa uhandisi hana sababu ya kulidharau, kwa maana yeye naye maabarani huvunja chuma ili atazame ndani.

Halafu moto. Mkaa wa miti migumu ndio unaopendwa, kwa kuwa hutoa joto kali na karibu hauna salfa, ambayo hukidhoofisha chuma. Mkaa peke yake hautoshi, lazima uvukutwe. Mivukuto ya ngozi hufanya kazi kwa utaratibu ambao ukiutazama kwa makini utauheshimu. Mdomo wa kila mfuko umefungwa fito mbili. Anayevukuta huketi chini, mkono mmoja kwa kila mfuko. Akiinua mkono hutanua vidole, mdomo unaachama na kuvuta hewa. Akishusha hufumba vidole, mdomo unafungwa, na hewa inasukumwa hadi kwenye bomba la udongo na kuingia katikati ya makaa. Mkono wa kulia ukipanda, wa kushoto unashuka. Kwa njia hiyo upepo haukatiki, na joto halipandi na kushuka ovyo. Mwenye mkono mbaya anaweza kukiharibu kisu akiwa hajagusa nyundo kabisa.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Methali hiyo hutumiwa kueleza kwamba mtoto hakosi kuchukua cha wazazi wake, lakini ndani ya kibanda ina maana ya moja kwa moja. Mahali pa kuvukutia ndipo palipokuwa darasa. Mtoto aliketi pale msimu baada ya msimu, uso ukielekea motoni, akiambiwa ongeza, punguza, acha. Hakufundishwa rangi za chuma kwa maneno. Alizizoea kwa kuziona zikija na kuondoka mara zisizohesabika, kila moja ikifuatwa na kitendo cha mkubwa wake. Siku aliyopewa nyundo, jicho lake lilikuwa limekwisha kuhitimu.

Rangi zenyewe ni hizi, kwa makadirio. Karibu nyuzi 600 za Selsiasi chuma huwa chekundu kilichofifia, kile tunachokiita damu ya mzee. Karibu na 800 kinakuwa chekundu cha kung'aa. Kuanzia 900 kwenda 1,000 kinageuka rangi ya chungwa, na kwenye 1,100 kinaelekea manjano. Kikipita hapo na kuanza kuwa cheupe huku kikirusha cheche chenyewe, kinaungua. Kaboni inateketea, chuma kinapasuka ndani, na hakuna nyundo ya kukirudisha. Hii ndiyo sababu kibanda cha mhunzi huwa na paa la chini na giza kiasi. Juani rangi hufifia. Chuma kilichofika chungwa huonekana chekundu tu, na fundi anayefanya kazi mchana kweupe bila kivuli hujikuta akikichoma akidhani bado. Watu hudhani giza lile ni la ushirikina au la umaskini. Ni sehemu ya kipimo.

Kipande cha springi hukatwa kwa tindo kikiwa chekundu, kisha hunyooshwa, maana springi huja imepinda. Ncha hufuliwa mwanzo. Baadaye unatolewa msuka, ule mkia mwembamba utakaoingia kwenye mpini. Yote haya ni kazi ya nyundo inayoanguka pale pale inapotakiwa, bila haraka na bila kupoteza joto. Magamba meusi yanayojitokeza juu ya chuma lazima yapanguswe kila mara, la sivyo nyundo itayazamisha ndani na kuacha mashimo. Wekundu ukipotea, nyundo inapumzika na chuma kinarudi motoni. Anayeendelea kukipiga chuma cha aina hii kikiwa kimepoa anapanda nyufa ambazo hazionekani leo. Zitaonekana siku kisu kitakapoangukia sakafu.

Kisha unafika wakati wa kuyatoa makali, na hapa kuna jambo ambalo humtofautisha fundi na mwanafunzi mara moja. Ukipiga upande mmoja wa bapa ili uwe mwembamba, chuma cha upande huo hurefuka. Upande wa mgongo haujarefuka. Matokeo yake kisu kizima hujipinda kuelekea mgongoni, ncha ikitazama juu. Mwanafunzi hushangaa, hukigeuza na kukinyoosha, hukipiga tena, nacho kinapinda tena. Fundi hakubishana na chuma. Kabla hajaanza kuyatoa makali, alikwisha kukipinda kisu kwa makusudi upande wa chini, kikaonekana kama mundu. Kila anapopiga kinanyooka kidogo, na makali yanapokamilika kisu kimenyooka chenyewe. Sijui njia nzuri zaidi ya kuonyesha maana ya ustadi.

Kisu kikishapata umbo hakiendi kwenye tupa moja kwa moja. Kimepigwa sana, na ndani yake kuna mkazo usio sawa. Fundi mwangalifu hukipasha tena na kukiacha kipoe hewani, mara kadhaa, ili chembe za ndani zitulie na ziwe ndogo. Kwa mara ya mwisho hukifukia kwenye majivu ya moto na kukiacha usiku kucha. Majivu huzuia joto kutoka upesi, chuma hupoa taratibu sana na kuwa laini kiasi cha kukubali tupa asubuhi. Mchakato huu katika viwanda hufanyika kwenye tanuri linaloongozwa na kompyuta. Majivu hayana gharama, na kazi hiyo huifanya vizuri.

Tupa huyasawazisha mabapa, lakini makali hayamalizwi. Huachwa na unene wa milimita 1 hivi, kwa kuwa chuma chembamba sana kikitiwa motoni na kuchovywa ghafla hujikunja au kupasuka.

Sasa ndipo inapokuja saa yenyewe. Karibu kila kilichofanywa hadi hapa kinaweza kurekebishwa. Kinachofuata hakirekebishiki kirahisi. Kisu kinarudishwa motoni, polepole, kikigeuzwa ili joto lienee sawasawa toka msukani hadi nchani, bila ncha kutangulia kuiva kwa sababu ni nyembamba. Mafundi wengine wa mjini hutumia sumaku: chuma kikifika karibu nyuzi 770 sumaku huacha kukishika, na wanajua bado kidogo tu. Wakongwe hawaihitaji. Wanangoja kivuli. Chuma kinapokaribia kugeuka ndani yake, hula joto bila kung'aa zaidi, na sehemu ambazo bado hazijageuka huonekana kama kiwingu cheusi kinachotembea ndani ya wekundu. Kiwingu kikiisha, kisu kizima kikawa na rangi moja, kimeiva. Wanasayansi wa karne ya 19 walilipa jambo hilo jina na kuliandikia makala. Mhunzi aliyekaa kwenye giza la kibanda chake analiona bila kulisoma popote.

Kinachofuata hudumu sekunde chache. Kisu kinachovywa, wima, bila kuyumbishwa upande, kwa sababu kikiyumbishwa upande mmoja hupoa kabla ya mwingine na bapa linapinda. Watu wengi hudhani ni lazima maji. Kwa springi ya gari, maji ni makali mno. Hukipooza chuma kwa kasi ambayo mara nyingi hukipasua, na fundi husikia mlio mdogo unaomvunja moyo. Mafuta hupooza kwa upole zaidi, ndiyo maana karibu na fuawe utakuta kopo la oili chafu au mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika. Wapo wanaochovya makali peke yake na kuuacha mgongo nje, ili makali yawe magumu na mgongo ubaki na ulaini wa kuvumilia pigo. Kwa panga la kufyekea, huo ni uamuzi wa busara.

Kisu kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu kupita kiasi. Tupa haikigusi, lakini kikianguka kinaweza kuvunjika. Lazima kipunguziwe ukali wa ugumu huo kwa joto dogo. Fundi husugua bapa moja kwa jiwe au msasa mpaka ling'ae, kisha huusogeza mgongo karibu na makaa, au huulaza juu ya chuma kingine kilichopata moto. Hapo rangi mpya huanza kutokea juu ya mng'aro, safari hii si za kuwaka bali za utando mwembamba unaojengeka juu ya chuma. Kwanza manjano hafifu, karibu nyuzi 200 na kitu. Kisha kahawia, kisha zambarau, na karibu nyuzi 300 buluu. Zinatoka mgongoni zikitembea kuelekea kwenye makali. Kwa kisu cha jikoni fundi hungoja manjano yafike kwenye makali, kisha hukipooza mara moja. Kwa panga litakalokutana na visiki huiacha rangi isogee zaidi, kuelekea zambarau, apate chuma kinachonepa kabla ya kuvunjika. Akizubaa kidogo, buluu inaufikia ukingo wa kisu cha jikoni na ugumu wote alioutafuta umekwenda.

Mambo ya mpini hayana urefu. Msuka hupashwa moto na kuzamishwa kwenye tundu la mti mgumu, ukajichimbia mahali pake kwa kuunguza, kisha hukazwa kwa msumari unaopenya na kupondwa pande zote mbili. Makali ya mwisho hutolewa kwenye kinoo, kwa maji na subira.

Hayo yote ni kazi ya chuma kilichokwisha kutengenezwa na wengine, mahali pengine. Mababu wa wahunzi wetu walianza mbali zaidi: walianza na mchanga na mawe. Wachaga hawakuwa na chuma cha kutosha mlimani, na sehemu kubwa waliipata Ugweno, Upare Kaskazini, ambako mchanga mweusi wenye chuma ulikusanywa na kuyeyushwa. Huko Ugweno mhunzi hakuwa fundi wa pembeni. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, anaeleza jinsi ukoo wa Washana, wahunzi, ulivyokuwa ndio unaotawala hadi ulipopinduliwa na Wasuya wakiongozwa na Angovi. Washana walinyang'anywa utawala wakabaki na nyundo. Na nyundo hiyo iliendelea kuwapa heshima ambayo hakuna mtawala aliyeweza kuwapokonya, kwa kuwa bila wao hapakuwa na jembe wala mkuki.

Magharibi, kwa Wahaya wa Kagera, tanuri za kuyeyushia chuma za zaidi ya miaka 1,500 iliyopita zimefukuliwa. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, waliokuwa wakikumbuka kazi hiyo kutoka ujanani, walijenga tanuri upya mbele ya mwanaanthropolojia Peter Schmidt. Walichimba shimo, wakalikandika udongo wa kichuguu, wakachoma majani ya bwawani mpaka shimo likajaa makaa yake, na wakaingiza mabomba ya udongo ndani kabisa ya tanuri. Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science mwaka 1978 kwamba hewa iliyopita kwenye mabomba hayo ilipata joto kabla ya kufika kwenye makaa, na kwamba chuma kilichotoka kilikuwa na kaboni. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya baadhi ya mahitimisho yao, kama ilivyo desturi ya wataalamu. Kisichobishaniwa ni kwamba wazee wale waliitoa kazi nzima kichwani, bila karatasi.

Wafipa wa Rukwa walikwenda njia nyingine. Malungu yao, tanuri za udongo zenye kimo cha mita 3 hivi, hayakuhitaji kuvukutwa. Kimo chenyewe kilivuta upepo kupitia matundu ya chini, na chuma kilichopatikana kilisafishwa tena kwenye tanuri dogo lililovukutwa. Baadhi ya malungu bado yamesimama porini yakiliwa na mvua. Huku pwani, mwanajiografia Al-Idrisi aliandika katika karne ya 12 kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kukiuza, na kwamba chuma cha Sofala kilivuka bahari hadi Uhindi. Mtu anayedhani Afrika Mashariki ilianza kufua chuma meli za Wazungu zilipotia nanga anahitaji kusoma upya.

Lakini heshima haikuwa sawa kila mahali, na hili linanigusa sana. Rwanda, nyundo ilikuwa alama ya ufalme. Kaburi la Mwami Cyirima Rujugira lilipofukuliwa mwaka 1969, nyundo za chuma zilikutwa humo pamoja naye. Kwa Wamaasai ilikuwa kinyume. Wahunzi wao, wanaoitwa Ilkunono, walitengwa, hawakuozwa na koo nyingine, na mkono uliopokea sime kutoka kwao ulipakwa mafuta kwanza ili kuondoa mkosi. Moran hakuweza kuwa moran bila kazi ya mtu ambaye hangemkaribisha nyumbani. Kwa Wachaga mhunzi alichanganya yote mawili, aliheshimiwa na kuogopwa, na laana iliyotolewa kwa nyundo yake ilitisha kuliko nyingi. Mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann, aliyeishi nao miaka mingi, aliona jambo hilo lina uzito wa kutosha kuliandikia makala maalumu mwaka 1912.

Kuyeyusha chuma kulikufa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Majembe na vyuma vya viwandani kutoka Ulaya vilikuja kwa bei ambayo tanuri la kijiji halikuweza kushindana nayo. Baada ya uhuru tulikuwa na viwanda vyetu vya zana, kama UFI pale Ubungo na ZZK Mbeya, na jembe la kiwandani likafika karibu kila kijiji. Mhunzi hakufa pamoja na tanuri. Alihamia kwenye chuma chakavu, na kwa kweli springi ya gari ilimpa chuma cha uhakika kuliko alichokitoa babu yake kwenye mchanga. Alipoteza nusu ya elimu yake, akaishika nusu nyingine kwa nguvu zote.

Nusu hiyo ndiyo inayoyumba sasa. Pita Gikomba jijini Nairobi, pita Gerezani Dar es Salaam, utawakuta mafundi wa jua kali wakipiga chuma kutwa, na wengine wao ni hodari wasio na mfano. Kilichobadilika ni feni. Feni ndogo ya umeme hupuliza moto bila kuchoka na bila kudai posho, na simlaumu fundi anayeinunua. Lakini feni imeketi mahali pa mwanafunzi. Kijana anayefika leo hupewa nyundo au grenda siku ya kwanza, kwa sababu hakuna tena kazi ya kumweka mbele ya moto akitazama tu. Anajifunza mkono kabla ya jicho.

Grenda nayo ina balaa lake. Wapo wanaokata springi kwa grenda na kuisaga mpaka ipate umbo la kisu, bila moto hata kidogo. Kazi ni ya haraka na kisu kinang'aa. Tatizo ni kwamba makali yanapokuwa membamba, msuguano huyapasha joto kwa sekunde chache hadi yakawa ya buluu, na tumekwisha kuona buluu ina maana gani. Mnunuzi haioni, kwa kuwa fundi huifuta kwa msasa. Anaigundua nyumbani, analaumu visu vya kienyeji kwa jumla, na safari nyingine ananunua cha dukani cha bei ya chini ambacho nacho hakimalizi mwezi. Hivyo mhunzi wa kweli anaadhibiwa kwa kosa la mwingine.

Chuma chenyewe pia hakipatikani kama zamani. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita mitaani na mizani, wakikusanya kila kitu kwa ajili ya viwanda vya kuyeyusha, na springi inakwenda pamoja na mabati. Januari 2022 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kwa muda biashara ya vyuma chakavu baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa, na ikairuhusu tena mwezi Mei kwa masharti mapya. Lengo lilikuwa la haki. Hata hivyo sheria za namna hiyo zikitungwa, fundi anayehitaji springi moja kwa wiki asiwekwe kapu moja na mfanyabiashara anayepakia kontena.

Nchini Tanzania VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu mzuri wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na waashi, mafundi magari na wapishi wengi wamepata vyeti kwa njia hiyo. Ningependa kuona mtathmini wa VETA akipanda Mamba, akashuka Ugweno, akafika Ufipa, akakaa kibandani mpaka kisu kiive. Amwombe mhunzi avunje kipande atazame mvunjiko wake, apime ugumu wa makali kwa vipimo vya kisasa, na ampe cheti kinachomstahili. Cheti peke yake hakitamjaza tumbo. Kitampa haki ya kuchukua wanafunzi wanaotambuliwa, kuomba zabuni ya shule inayohitaji majembe na visu vya jikoni, na kukopesheka. Na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ingeweza kumsaidia apate springi kwa bei ya jumla na apate soko nje ya njia ya watalii. Kimkuki cha ukumbusho hakimfundishi kijana kutia chuma maji, kwa kuwa hakuna atakayekitumia kukata kitu.

Kwako msomaji, ombi ni dogo. Utakaponunua kisu cha kufua, mwulize fundi kimetokana na chuma gani na kimechovywa kwenye nini. Fundi wa kweli atafurahi kukujibu. Ligonge bapa kwa ukucha usikie kama linalia vizuri, angalia kama mgongo umenyooka, na omba apitishe tupa kwenye makali mbele yako. Ikiteleza, usibishane naye bei. Umwulize pia kama ana kijana anayemfundisha. Kama hana, na wewe unaye kijana nyumbani mwenye macho mazuri na asiyekuwa na kazi, mpeleke akavukute.